Mizani Mpya Yataka Macho ya Wenyewe

Wazee wa Usukuma hawajaisahau mizani ya pamba. Mkulima alilima msimu mzima, akapalilia, akachuma, akajitwika mzigo hadi kwa mnunuzi. Na huko, kwa dakika moja, jasho la miezi mingi likageuka kuwa tarakimu iliyosomwa na mtu mwingine. Mkulima aliiona sindano ikicheza, lakini hakujua isemavyo. Akatajiwa uzito, akapewa fedha, akarudi nyumbani na mashaka moyoni. Mashaka hayo hayakuwa ya bure. Udanganyifu wa mizani ulikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa ya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Wakulima wale walifanya nini? Hawakuivunja mizani, wala hawakurudi kukadiria pamba kwa mikono. Waliweka watu wao wenyewe, wajuao kusoma na kuhesabu, wasimame kando ya mizani na kuhakikisha kuwa uzito utajwao ndio uzito uliopo. Katika juhudi hizo vyama vyao viliota mizizi, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria chini ya uongozi wa Paul Bomani, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika. Jambo kubwa lile lilianza na jambo dogo: mtu wa kwetu anayejua kusoma mizani.

Twaikumbusha habari hiyo kwa sababu leo hii, kandokando ya Ziwa Victoria, iko mizani nyingine. Hii haina sindano wala mawe ya kupimia. Ni mashine za kemia zenye kompyuta ndani yake, zipimazo usafi wa maji tunywayo, usalama wa samaki tuuzao, ubora wa dhahabu tuchimbayo na ukali wa dawa zitumikazo kulainisha ngozi. Nazo, kama ile ya pamba, hutoa tarakimu. Swali letu ni lile lile la wazee: ni nani kati yetu anayejua kuisoma tarakimu hiyo, na ni nani anayeweza kusema, "Hapana, mashine hii imekosea"?

Mizani hii iko wapi?

Tuanzie Capri Point na Butimba, ambako maji ya ziwa husafishwa kabla ya kumfikia mwananchi wa Mwanza. Maji ya ziwa si yale yale kila siku. Mvua inyeshapo, Mto Mirongo huteremsha tope na taka za mji. Na kuna nyakati mwani huongezeka majini. Kazi ya fundi wa maji popote ni kutia shabu ili tope lishikamane na kuzama, kisha kutia klorini ili viini vya maradhi vife. Kwa desturi ya kazi hiyo, kiasi cha shabu hutafutwa kwa jaribio la zamani lenye heshima yake: huchukuliwa glasi sita za maji yale yale, kila moja ikatiwa shabu ya kiasi chake, zote zikakorogwa kwa pamoja, kisha ikatazamwa ni ipi iliyotakata vizuri zaidi. Katika mitambo ya kisasa ya ulimwengu, vitambuzi vilivyotumbukizwa majini hupima tope na tindikali bila kupumzika, kompyuta huamua, na pampu hudondosha dawa yenyewe.

Twende Nyegezi, iliko maabara ya serikali ya kupima ubora wa samaki. Maabara za namna hiyo hutafuta mabaki ya sumu yaliyo madogo kupita kiasi, wakati mwingine sehemu moja katika sehemu bilioni moja, yaani sawasawa na gramu moja iliyopotea ndani ya tani elfu moja. Hakuna jicho wala ulimi wa binadamu uwezao kutambua kitu kama hicho. Mashine peke yake ndiyo iwezayo, nayo hutoa jibu lake kwa mchoro wa vilima na mabonde juu ya kioo cha kompyuta.

Turudi Ilemela, kilipofunguliwa mwaka 2021 kiwanda cha kusafisha dhahabu kwa kiwango cha sehemu 999.9 katika kila sehemu 1000. Huko pia kiko chuo cha Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, Kampasi ya Mwanza, kilichokuwa hapo awali chuo cha teknolojia ya ngozi. Na tukivuka kwenda Geita, lipo soko la dhahabu lililofunguliwa mwaka 2019, ambamo mchimbaji mdogo huona dhahabu yake ikipimwa kwa mashine ya miale na bei kutajwa papo hapo.

Mashine nayo husema uongo

Watu wengi huamini kuwa kompyuta haikosei. Imani hiyo ni ya hatari. Mashine haina nia mbaya, hiyo ni kweli; lakini hutoa jibu la uongo kwa sauti ile ile itoayo jibu la kweli, bila kuona haya na bila kusitasita.

Chukua kipimo cha tindikali, ambacho wakemia hukiita pH. Kijiti chake cha kioo hutoa umeme mdogo sana, na kila ngazi moja ya kipimo hicho ni kama milivolti 59 katika joto la nyuzi 25. Kijiti kikizeeka, kikikauka, au kikishikwa na utando wa mafuta na mwani, umeme huo hupungua. Mashine haijui kwamba kijiti chake kimechoka. Huendelea kuandika tarakimu nzuri yenye nukta na desimali mbili. Na ngazi moja ya pH si jambo dogo, kwani maana yake ni tindikali kuzidi au kupungua mara kumi. Mwenye kutengeneza ngozi kwa chumvi za kromu hushusha kipimo hadi karibu 3, kisha hukipandisha polepole hadi karibu 4 ili dawa ishike. Akidanganywa na kijiti kwa ngazi moja, ngozi yote iliyomo katika pipa yaweza kuharibika.

Dawa ya uongo huo ni kazi ambayo watu wa Shirika la Viwango huiita ugezi, yaani kuilinganisha mashine na kitu ambacho kipimo chake kinajulikana kwa hakika. Kijiti cha pH hutumbukizwa katika maji ya kipimo 4, kisha 7, kisha 10. Kikisema kweli kwa hivyo vitatu, chaweza kuaminiwa kwa kilicho katikati yao. Kazi hiyo haichukui muda mrefu. Lakini asiyefundishwa sababu yake huiona usumbufu, naye huiacha siku ya kwanza msimamizi asipokuwapo.

Chukua na mashine ya miale ya kupimia dhahabu. Yafanya kazi haraka, haiharibu mali, na tarakimu yake huonekana kwa sekunde chache. Lakini miale hiyo huona ngozi ya dhahabu, haioni moyo wake. Kipande kilichopakwa dhahabu nene juu ya fedha au shaba chaweza kuidanganya. Na dhahabu halali yenye uchafu juu yake yaweza kupunjwa. Hebu tufanye hesabu. Mchimbaji ana gramu 100 za dhahabu ghafi yenye ubora wa 90 katika 100. Mashine isiyofanyiwa ugezi ikisema 85, gramu 5 za dhahabu safi zimemponyoka bila mtu yeyote kuzitia mfukoni kwa mkono. Je, hii si ile mizani ya pamba iliyorudi kwa sura nyingine? Mwamuzi wa mwisho wa ugomvi wa namna hiyo bado ni njia ya kale ya moto, ambayo huyeyusha dhahabu pamoja na risasi katika tanuri la joto la nyuzi kama elfu moja, kisha husalia punje safi inayopimwa uzito. Fundi ajuaye njia zote mbili hadanganyiki wala hadanganyi.

Siku tulipokosa mizani yetu

Iko bei ya kutokuwa na kipimo cha mtu mwenyewe, nasi tumewahi kuilipa. Mwaka 1999, baada ya kuenea taarifa za watu kuvua kwa sumu, soko la Ulaya lilifungwa kwa samaki wa Ziwa Victoria. Miaka miwili tu kabla ya hapo yalikwisha kuzuka matatizo mengine ya soko hilo hilo, kwa sababu ya viini vya maradhi na hofu ya kipindupindu. Viwanda vya minofu ya sangara vikayumba, wavuvi wakakosa wa kumwuzia, na wafanyakazi wa viwandani wakarudishwa nyumbani.

Mvuvi mwaminifu aliyevua kwa nyavu hakuwa na namna ya kujitetea. Angesema nini? Kwamba samaki wake hana sumu? Neno lake si ushahidi. Ushahidi ulikuwa karatasi ya maabara, nazo maabara za kupima mabaki ya sumu katika nchi zetu za kandokando ya ziwa zilikuwa haba mno wakati ule. Funzo lililopatikana ni kwamba samaki asiye na cheti hana bei hata akiwa mzima. Tangu hapo ukaguzi umeimarishwa na maabara zimejengwa. Lakini cheti nacho kina thamani ya mtu aliyekitia sahihi, wala hakizidi hapo. Mnunuzi wa ng'ambo haulizi tu mna mashine gani. Huuliza aliyeitumia amefundishwa wapi, mara ya mwisho ilifanyiwa ugezi lini, na kumbukumbu ziko wapi.

Je, mashine itamfukuza mfanyakazi?

Hili ndilo swali ambalo wafanyakazi huulizana pembeni, na si haki kulikwepa. Jibu la kweli lina pande mbili.

Upande mmoja, zipo kazi zitakazokwisha. Kijana aliyekuwa akizunguka kila saa na daftari kuandika tarakimu za mita hatahitajiwa kwa kazi hiyo pindi kompyuta itakapoziandika yenyewe. Kumficha jambo hilo ni kumhadaa.

Upande wa pili, historia haionyeshi kuwa maabara zilibaki tupu. Mwaka 1934, huko California, mkemia Arnold Beckman alitengeneza mashine ya umeme ya kupima tindikali ili kumsaidia rafiki yake, mkemia wa chama cha ushirika cha wakulima wa machungwa na malimau. Karatasi za rangi walizokuwa wakitumia ziliharibiwa na dawa ya kuhifadhia maji ya malimau. Yafaa wanaushirika wetu wazingatie kwamba kipimo kilicho leo katika kila maabara ya ulimwengu kilizaliwa kwa shida ya wakulima wa ushirika. Mwaka 1957 ikaanza kuuzwa huko Marekani mashine iliyobuniwa na Leonard Skeggs, iliyochukua sampuli za damu moja baada ya moja, ikazichanganya na dawa na kuzipima yenyewe. Wapimaji hawakutoweka. Vipimo viliongezeka maradufu kwa maradufu, na kazi ya mpimaji ikahama kutoka mikononi kwenda kichwani: kutoka kumimina na kukoroga hadi kuhakiki na kuamua.

Na mtambo unaojiendesha bado wahitaji jicho. Mwezi Februari 1921 lingekuwa jambo la ndoto, lakini mwezi Februari 2021, katika mji mdogo wa Oldsmar, jimbo la Florida, mfanyakazi wa mtambo wa maji aliona kwenye kioo cha kompyuta kiwango cha kostiki soda, ile ile waijuayo watengeneza sabuni, kimepandishwa kutoka 100 hadi zaidi ya 11,000. Kama ulikuwa mkono wa mhalifu aliyeingia kwa njia ya mtandao au kosa la ndani, jambo hilo limebishaniwa baadaye. Lisilobishaniwa ni kwamba mtu mmoja aliyejua kazi yake aliiona tarakimu, akajua kuwa haiwezekani, akairudisha mahali pake. Kompyuta ilikuwa imekubali bila swali.

Mafunzo ya namna gani?

Kwa hiyo mafunzo si kumwonyesha mtu ni kitufe kipi cha kubonyeza. Hayo ni mafunzo ya siku moja, na husahauliwa kwa wiki moja. Fundi wa maabara wa zama hizi ahitaji mambo manne.

La kwanza ni kemia yenyewe. Asiyejua kwa nini klorini hufanya kazi vizuri zaidi pH ikiwa chini ya 8 hatashtuka aonapo kipimo kikipanda. Shirika la Afya Duniani lataka klorini ibaki angalau miligramu 0.5 katika lita baada ya nusu saa. Lakini tarakimu hiyo ni herufi bubu kwa asiyejua maana yake.

La pili ni ugezi na ukaguzi wa kila siku. Mwaka 1924 Walter Shewhart wa Marekani alibuni chati nyepesi ambayo hata karatasi ya mraba yaitosha. Kila asubuhi hupimwa kitu kilicho na jibu linalojulikana, na nukta huchorwa kati ya mistari miwili. Nukta ikitoka nje ya mistari, kazi husimama mpaka sababu ijulikane. Kompyuta huchora chati hiyo kwa kupepesa jicho; lakini ni mtu anayesimamisha kazi, na yapasa awe na ruhusa ya kufanya hivyo bila kugombezwa.

La tatu ni kompyuta na kumbukumbu. Fundi ajue kupanga matokeo katika majedwali, kutunza nakala mahali pa pili kwa ajili ya siku ya umeme kukatika, na kutompa mwenzake neno lake la siri, maana sahihi ya kidijitali ni sahihi kama ile ya kalamu. Zipo leo programu huria, kama R na Python, zisizodai ada, ambazo maabara maskini yaweza kuzitumia sawasawa na maabara tajiri. Kijana aliyemaliza kidato cha sita kwa masomo ya sayansi aweza kujifunza misingi yake.

La nne ni matengenezo. Ni mara ngapi tumeona mashine ya thamani kubwa imefunikwa kitambaa pembeni mwa chumba, ikingoja fundi kutoka ng'ambo kwa sababu ya bomba moja lililoziba? Fundi ajue kusafisha, kubadilisha vipuri vidogo na kutambua kosa, hata kama kosa kubwa litamngoja mtengenezaji.

Mahali pa kufundishia hatuhitaji kupabuni. Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia ipo. Chuo cha ufundi stadi cha VETA kipo Nyakato. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo chanzo chake ni maabara iliyoanzishwa mwaka 1895 wakati wa Wajerumani, ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza. Nayo, kwa sheria ya kemikali ya mwaka 2003, ndiyo yenye wajibu juu ya kemikali za viwandani na za majumbani. Kinachotakiwa ni vyombo hivyo na waajiri kuketi meza moja, kiwanda kikasema shida yake na chuo kikaifanya somo.

Nani aende masomoni?

Hapa tuseme wazi. Iko desturi mbaya katika sehemu nyingi za kazi. Barua ya mafunzo ifikapo, husimamia mezani kwa mkubwa. Mkubwa husafiri, hupata posho, hurudi na cheti na mkoba wenye nembo. Na yule aliye zamu ya usiku, ambaye mkono wake ndio ushikao mtambo, hajapata hata kuuona mwongozo wa mashine. Mwongozo wenyewe umeandikwa kwa Kiingereza kigumu au kwa lugha ya mbali zaidi, nao umefungiwa kabatini ili usichafuke.

Desturi hiyo yapasa ikome. Mkataba wowote wa kununua mashine uandike ndani yake mafunzo ya watu watakaoitumia, angalau wawili kwa kila zamu, kabla ya mashine kuwashwa na si baada ya kuharibika. Maelekezo ya kazi ya kila siku yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani. Hakuna udhuru wa kukosa maneno, kwani tangu mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikwisha kutoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Na wale ambao kazi zao za kuandika mita zitamezwa na kompyuta wawe wa kwanza kupelekwa darasani, kwa sababu wao waijua mitambo hiyo kwa mlio wake na harufu yake, maarifa ambayo hakuna kompyuta iliyokwisha kuyapata.

Nanyi wafanyakazi mna wajibu wenu. Chama cha wafanyakazi kinapokwenda kuzungumza na mwajiri juu ya mshahara, kiweke na mafunzo katika orodha ya madai, kwani ujuzi ni mshahara ambao hakuna awezaye kuukata. Na aliyefundishwa asiufanye ujuzi wake kuwa siri ya kujipatia ukubwa. Amfundishe mwenzake wa zamu nyingine. Maji ya mji hayanywewi mchana tu.

Wazee wetu hawakungoja mnunuzi awe mwema. Walipeleka macho yao kwenye mizani. Leo mizani imeingia ndani ya kisanduku chenye taa, na sindano yake imekuwa tarakimu juu ya kioo. Mama wa Igoma anayechota maji bombani, mvuvi wa Ukerewe anayetia nyavu gizani na mchimbaji wa Geita aliye shimoni hawawezi kuisoma. Wamemwachia kijana mmoja aliyevaa koti jeupe awasomee. Tumfundishe kijana huyo vizuri, asije naye akawa mtu wa kutaja tu uzito alioambiwa.